Ulinganisho: kadi za karatasi, Anki, Quizlet au maswali ya mdomo kwa kijana anayesoma viunganishi vya Kihispania?

Mama_Zuhura (Houston)

Habari za humu ndani wapendwa. Binti yangu yuko darasa la 10 hapa Houston na huu ni mwaka wake wa pili wa Kihispania. Msamiati anaumudu na vitenzi anajitahidi, ila viunganishi vimemkaba. Anachukua orodha (aunque “ingawa”, sino “bali”, para que “ili”, a menos que “isipokuwa”, con tal de que “mradi”), anaisoma, anaipaka rangi, jioni anasema ameelewa. Kesho yake nikimpa sentensi ya Kiswahili aitafsiri, kichwani zimebaki y (na), pero (lakini) na porque (kwa sababu) tu.

Mwalimu wake ameshauri aache kusoma orodha tena na tena, badala yake afunge daftari na kujiuliza. Sawa, lakini kwa kutumia nini? Naona kuna kadi za karatasi (swali mbele, jibu nyuma), Anki na Quizlet ambazo ni programu za kadi kama hizo kwenye simu au kompyuta, au mimi mwenyewe kumuuliza. Waliojaribu na vijana wa miaka 15 au 16, ipi imewasaidia? Usiku sipendi ashike simu.

Mwl_Kibwana (Nairobi)

Shikamoo mama. Nafundisha Kihispania kwa vijana wa umri huohuo, na mwalimu wa binti yako amesema kweli. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, kule St. Louis, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Kundi moja likasoma mara ya pili, jingine likaandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Ndiyo maana binti yako jioni anaona ameelewa na kesho hana kitu. Anakuambia ukweli wa jioni ile.

Kuhusu vifaa, Quizlet ukiitumia kwa maswali ya kuchagua, jibu tayari liko mbele ya macho yake. Anachofanya ni kulitambua. Kwenye insha hakuna atakayemwekea majibu manne achague. Mimi huiruhusu siku ya kwanza tu, ya kuzoea maneno.

Lakini kinachoamua zaidi ya kifaa ni kile unachoandika kwenye kadi. Kadi ya "aunque = ingawa" ni kadi dhaifu, iwe ya karatasi au ya simu. Kiunganishi kinaishi kati ya sentensi mbili, na kwa Kihispania mara nyingi ndicho kinachoamua kitenzi kinachofuata kiwe na umbo gani. Andika sentensi nzima:

Mbele: Hakunywa chai bali kahawa. / No bebió té, ____ café.
Nyuma: sino

Mbele: Hakunywa chai, lakini alikula mkate. / No bebió té, ____ comió pan.
Nyuma: pero

Mbele: Hakulala bali alisoma. / No durmió, ____ estudió.
Nyuma: sino que (kwa sababu kinafuata kitenzi kilichonyambuliwa)

Na hapa Kiswahili chako ni mtaji, mama. Wenzake darasani wanaofikiri kwa Kiingereza wana neno moja tu la kawaida kwa pero na sino. Yeye ana lakini na bali toka utotoni. Swali liandikwe kwa Kiswahili.

BabaTriza (Minneapolis)

Kura yangu ni karatasi, bila kusita. Tunatumia mfumo wa visanduku ulioenezwa na Sebastian Leitner miaka ya 1970. Kadi zote zinaanza kisanduku cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Akipatia, kadi inasogea kisanduku cha pili, cha kila baada ya siku mbili tatu, kisha cha tatu, cha mara moja kwa wiki. Akikosa, hata kama kadi ilishafika cha tatu, inarudi cha kwanza.

Mwanangu anaandika kadi kwa mkono wake na kule kuandika ni nusu ya kazi. Halafu simu inabaki sebuleni. Kwa kijana wa umri huu, ukifungua programu ya masomo, ujumbe wa rafiki uko hapohapo juu ya kioo.

Chausiku_M (Dar)

Baba Triza nakuelewa kuhusu simu, lakini karatasi ina mwisho. Viunganishi vyenyewe si vingi, ila ukifuata ushauri wa Mwl. Kibwana kila kimoja kinahitaji sentensi kadhaa, la sivyo mtoto anakariri sentensi badala ya kiunganishi. Visanduku vikijaa, nyumbani nani anasimamia tarehe? Anki inapanga yenyewe kadi ipi irudi lini, na ina aina ya kadi zenye pengo zinazofaa kabisa kwa kazi hii. Ni bure kwenye kompyuta na Android. Ya iPhone ndiyo ya kulipia. Mama Zuhura, atumie kompyuta mchana, simu haihusiki.

Tahadhari moja: vijana wanafunua jibu, wanajisemea "aa, nilijua hii", wanabonyeza wamepatia. Weka ile kadi ya kuchapa jibu. Asiruhusiwe kuona nyuma kabla hajachapa kitu.

Mama_Zuhura

Marahaba mwalimu, na asanteni sana wote. Nimejaribu sentensi leo hii. Za “lakini” na “bali” amepata zote, mpaka akafurahi mwenyewe. Kisha nikampa "Ukifika, nipigie", akaandika *Si llegues, llámame*. Najua si sawa ila sikuweza kumweleza kwa nini.

Mwl_Kibwana

Hilo swali lilikuwa na mtego, na ni mtego wa kwetu. Ile -ki- ya "ukifika" inabeba mambo mawili: huenda ukafika au usifike, na pia wakati ule utakapofika. Kihispania kinayatenganisha:

Si llegas temprano, llámame. (sina hakika kama utawahi)
Cuando llegues, llámame. (utafika, nasubiri wakati)

Si ya namna hii haichukui subjuntivo ya wakati uliopo, yaani umbo la kitenzi kama llegues, la jambo ambalo bado halijawa hakika; inachukua umbo la kawaida, llegas. Cuando ya jambo lijalo ndiyo inaichukua. Binti yako amechanganya hizo mbili kwa sababu swali lenyewe lilizichanganya. Kwenye kadi andika "Utakapofika, nipigie" kwa cuando, na "Kama utawahi kufika, nipigie" kwa si.

Mwingine wa aina hiyo ni ili. "Nakuazima kitabu ili usome" ni *Te presto el libro para que estudies*, na ile -e ya "usome" inamkumbusha subjuntivo vizuri. Lakini "Nimekuja ili nisome" ni *He venido para estudiar*, kwa kuwa mtendaji ni yuleyule. Sisi tunatumia -e pote pawili, wao hapana. Kadi hizo mbili ziwepo zote na zichanganywe na nyingine, zisifuatane.

Idrisa_Madrid

Mbona maswali ya mdomo mmeyaruka? Mimi ndiyo yaliyonitoa. Mmoja anaanza sentensi, mwingine anaimalizia papo hapo: *No salgo a menos que…* (Sitoki isipokuwa…), *Te lo presto con tal de que…* (Nakuazima mradi…). Hakuna pa kuchungulia. Na kuna vitu vinakaa sikioni kabla ya kukaa kwenye karatasi. Y inageuka e mbele ya sauti ya i: *padres e hijos* (wazazi na watoto). O (au) inageuka u mbele ya sauti ya o: *siete u ocho* (saba au nane). Lakini *agua y hielo* (maji na barafu) inabaki y, maana hielo haianzi na sauti ya i kamili. Ukiitamka mara kadhaa, mdomo wenyewe unakataa kosa.

Chausiku_M

Nakubali kwa y/e na o/u. Ila mdomo hauweki kumbukumbu ya makosa. Kila atakachokosa mezani, kiandikwe.

Mama_Zuhura

Basi nimeamua hivi: kadi za karatasi kwanza, kwa sababu ya simu, na sentensi ataandika yeye huku mimi nikiangalia Kiswahili chake. Tukiwa jikoni ni maswali ya Idrisa. Visanduku vikinishinda, nahamia Anki ya kompyuta. Mwalimu, tuanze na vipi, na aunque tuiweke wapi?

Mwl_Kibwana

Wiki hii pero, sino, sino que, na y/e, o/u. Akizipatia kadi zilizochanganywa, ongeza si na cuando, kisha para que na a menos que. Aunque iwe ya mwisho, kwa sababu inakubali maumbo yote mawili ya kitenzi, la kawaida na subjuntivo: *aunque llueve, salgo* ni "ingawa mvua inanyesha, natoka", *aunque llueva, salgo* ni "hata mvua ikinyesha, natoka". Mwambie asome sentensi ya Kiswahili, aseme kwanza kama mvua ipo au bado haijulikani, ndipo aandike kitenzi.