Mwanachuo wa ualimu anapata wapi ruzuku ndogo ya mradi wa darasani?

Chaki_Nyeupe

Habari zenu wakuu, na walimu wakongwe mliopo humu shikamooni. Mimi niko mwaka wa mwisho stashahada ya ualimu, masomo yangu kemia na baiolojia, sahivi niko BTP (mazoezi ya kufundisha) kwenye sekondari moja ya kata huku Singida. Shule ina chumba kinaitwa maabara ila vifaa ni vya kuhesabu, karatasi za litmasi zilizopo zimefungiwa kabatini zikisubiri mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, kwahiyo hawa wengine asidi na besi wanaisomea ubaoni tu, wanakariri "nyekundu bluu, bluu nyekundu" basi.

Sasa juzi nikanunua choya kavu sokoni, nikaimwagia maji ya moto, nikachuja na kitambaa, nikawapa wajaribu na limao, ukwaju, magadi na maji ya majivu. Aisee darasa lilichangamka! Ile rangi ilivyogeuka kijanikijani kwenye maji ya majivu wote wakasimama, na kuna binti wa dawati la nyuma kabisa ambaye huwa hata jina haliitikii vizuri akauliza, "Mwalimu, na mate je, ni asidi au besi?" Shida vikombe vilikuwa vya kuazima jikoni, kwahiyo waliofanya kwa mikono yao ni wachache, wengine waliangalia tu.

Nataka nitengeneze seti 12, kila seti wanafunzi watano, yaani visahani vya plastiki, dropa, vichupa vya mifuniko, miwani ya kinga, na kakitabu ka maelekezo kwa Kiswahili na Kiingereza. Nimepiga bajeti inakuja kama 290,000. Hela yangu ya kujikimu haiwezi kubeba hiyo. Nasikia kuna ruzuku za ubunifu lakini kila nikisoma masharti naona wanataka kampuni, au taasisi iliyosajiliwa, au mtu wa chuo kikuu. Je kwa sisi wa vyuo vya ualimu kuna dirisha lolote? Na mtu anaombaje? Naomba msaada wenu wakuu.

Mzee_wa_Andalio

Marahaba mwanangu, na hongera, hicho ulichofanya ndo ualimu wenyewe.

Nikwambie ukweli, ruzuku yenye jina la mwanachuo wa ualimu usiihangaikie sana, we tafuta hela kupitia shule. Misaada mingi, hata ile midogo ya balozi kama Japani au mfuko wa Canada, haimpi mtu binafsi, inataka chombo chenye usajili, na kwa laki tatu hawawezi kufungua faili. Ile ruzuku ya serikali ya 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka nayo ina vifungu vyake tayari, mkuu wa shule hawezi tu kukukatia wewe.

Kwahiyo fanya hivi, omba VITU usiombe hela. Hela ikiingia akaunti ya shule ni hela ya umma, inaingizwa FFARS (mfumo wa serikali wa hesabu za vituo kama shule), inasubiri kikao, manunuzi yana taratibu zake, mpaka mambo yaive BTP yako imeisha na wewe umerudi chuo. Lakini mfanyabiashara wa vyombo vya plastiki pale mjini akitoa visahani na vichupa, anavikabidhi shuleni, mkuu anasaini hati ya makabidhiano, vinaandikwa kwenye daftari la mali siku hiyohiyo. Famasi waombe dropa. Nimeona walimu wakipata hata mabati kwa njia hii, sembuse dropa.

Ila anza na mkuu wa shule kabla hujaenda kwa mtu yeyote nje. Barua itoke kwake, ina mhuri wa shule, wewe uwe mwandaaji tu. Mwanachuo anayezunguka mjini na barua yake mwenyewe anaonekana omba omba, na akijua mkuu baadae utakuwa na kesi.

Mama_Mkufunzi

Naunga mkono hapo juu. Mimi nafundisha chuo cha ualimu na kila mwaka naona wanafunzi wenye mawazo mazuri wanakwama kwenye karatasi, sio kwenye wazo. Mdogo wangu, andiko lako lisizidi ukurasa mmoja. Wengi wanaanza na "tangu uhuru elimu imekuwa nguzo" hadi msomaji anachoka kabla hajajua unataka nini. Anza na lile darasa lako, wanafunzi wangapi, litmasi ni za mtihani tu, nimefanya hiki kikafanya kazi, nakosa hivi. Basi.

Halafu weka kipimo. Kabla hujafundisha tena wape maswali matano mafupi, mfano wataje vitu vitatu vya nyumbani vyenye asidi, waeleze kwanini wanasema hivyo. Ukimaliza wape yaleyale tena. Linganisha. Hicho kijikaratasi cha matokeo kina nguvu kuliko picha 50 za watoto wanatabasamu, na hizo picha zenyewe usizitume ovyo bila ruhusa ya shule na wazazi, ni watoto wale.

Kwenye bajeti nauli yako na vocha toa. Sio kwamba huna haki, ila kwa kiasi kidogo hivyo mtoaji akiona 60,000 ni nauli anaona mradi ni wako sio wa wanafunzi. Risiti tunza zote.

Na kitu cha kitaalamu kidogo, choya yenyewe ina asidi, kwahiyo wanafunzi wakimimina nyingi kwenye maji kidogo ya majivu rangi haitageuka na watakwambia imegoma. Matone machache kwenye maji mengi ya majivu, hiyo iandike kwenye kile kitabu kwa maandishi makubwa. Na maji yake yanachacha haraka, bora uchovye vipande vya karatasi nyeupe ya kuchujia uvikaushe kivulini, hapo una litmasi yako ya kutunza.

Nzega_Mjini

Mimi naomba nitofautiane kidogo na wakubwa. Ushauri ni mzuri lakini mbona tunazoea kumwambia mwalimu akaombe visahani dukani? Huyu dogo hajaajiriwa bado, anajigharamia choya, tunampongeza tunasonga. Tuna Mamlaka ya Elimu yenye Mfuko wa Elimu kwa sheria ya mwaka 2001, inajenga madarasa, maabara, vyoo, na inafanya kazi nzuri, sipingi. Lakini maabara ikijengwa halafu ndani hamna dropa, tumejenga nini? Ingetengwa hata laki tatu tatu kwa kila chuo cha ualimu, wanachuo washindanishwe kwa maandiko, washindi wanunuliwe vifaa kabla ya BTP. Sio hela nyingi kabisa. Mtaala huu mpya ulioanza 2024 unadai ujenzi wa umahiri, mwanafunzi atende, sasa atende kwa kutumia nini? Hili liko moyoni kwangu sana kwasababu mimi nilimaliza kidato cha nne bila kuwahi kushika bureti, ile mirija ya kupimia vimiminika maabara, kabla ya siku ya mtihani.

Tekno_Kanda

@Chaki_Nyeupe usiisahau MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yalianza 2019, yanaratibiwa na wizara ya elimu pamoja na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Yana makundi hadi ya shule za sekondari, kwahiyo hata wanafunzi wako wangeweza kuingia na hizo karatasi za choya, wewe ukawa mlezi wao. Sio ruzuku, ni mashindano, fuatilia tangazo la mwaka husika.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri achana nayo kwa hili, ni ya vikundi vya biashara na inarudishwa, na seti ya darasani haizai hela ya marejesho. Na yeyote atakayekufuata inbox anakwambia ruzuku ipo ila ulipie kwanza "ada ya fomu", huyo ni tapeli, mblock.

Chaki_Nyeupe

Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Leo nimeongea na mkuu wa shule, amekubali barua itoke ofisini kwake, na mwalimu wa kemia amesema atasimamia yeye nikiondoka. Swali moja la mwisho, je kwenye barua niombe seti zote 12 kwa mtu mmoja au nigawanye?

Mzee_wa_Andalio

Gawanya. Mwenye duka la vyombo mpelekee visahani na vichupa tu, famasi dropa, miwani peleka kwa wenye magereji na karakana za kuchomelea maana wanajua wanakonunua kwa jumla, kitabu mwenye steshenari akutolee nakala. Kila mmoja aone kiasi anachokiweza, asiombwe zaidi ya elfu themanini. Na barua ionyeshe orodha nzima na nani kaahidi nini, mtu akiona wenzake wameshatoa huwa anasaini harakaharaka. Huyo mwalimu wa kemia aende na wewe, maana ndo atakayebaki na vitu, na wafanyabiashara wanataka kumjua mtu wa kumuuliza mwakani. Nendeni asubuhi mapema, jioni wanahesabu mauzo hawana muda na wageni.