Naomba ushauri: kashfa kwenye mazishi ya askari, sheria yetu inasemaje?

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa hoja za mdahalo kuhusu kesi ya Snyder dhidi ya Phelps, Marekani, 2011. Mahakama ya Juu, majaji 8 kwa 1, iliwalinda kina Phelps, waliobeba mabango ya kashfa kwenye mazishi ya askari aliyefia Iraki: walisimama eneo la umma, kama futi 1,000 kutoka kanisani, na hoja zao ziligusa mambo ya umma. Kisheria sawa, kiutu aibu tupu. Mwaka 2012 Bunge lao likabana: hakuna fujo ndani ya futi 300, saa 2 kabla na baada ya mazishi ya kijeshi.

Katiba yetu ya Tanzania nimeisoma. Ibara ya 18 inatoa uhuru wa maoni, 30(2) inaruhusu sheria kuuwekea mipaka. Nilipokwama: mtu akisimama barabarani, nje ya uzio wa makaburi ya mashujaa Kaboya, sheria ipi hasa inamgusa? Na kuna hukumu ya kunukuu?