Madrid hadi Córdoba kwa treni na mama mtu mzima: siku moja inatosha?

Binti_wa_Shangani
Asalaam aleikum. Mama anakuja Mei kutoka Unguja, nami nasoma hapa Madrid. Miaka mingi ana hamu ya kuuona msikiti wa Córdoba. Goti linamsumbua. Nimepanga twende asubuhi, turudi jioni. Itatosha, au tulale? Na kutoka stesheni hadi msikitini atamudu kwa miguu?

Abiria_wa_Dirishani
Waaleikum salaam mdogo wangu. Laleni huko. Treni ya mwendo kasi kutoka stesheni ya Atocha hapo Madrid haimalizi saa mbili, kwa hiyo safari si tatizo. Mizigo hupitishwa kwenye mashine kabla ya kupanda. Kama mama ameshapanda SGR ya Dodoma, hatashangaa.

Kinachotaka muda ni msikiti wenyewe. Abd al-Rahman wa Kwanza alianza kuujenga mwaka 785, wakaja watawala baada yake wakauongeza na kuuongeza. Nguzo zimebaki 856, nyingi zilitolewa kwenye majengo ya kale ya Kirumi, na juu yake matao mawili mawili, moja juu ya jingine, yenye mistari myekundu na myeupe. Mpelekeni asubuhi mapema kabla makundi hayajajaa, mkaanzie kwenye mihrabu ya al-Hakam wa Pili. Mama aliyesoma chuo cha Kurani ataanza kuzifuata aya za dhahabu mwenyewe. Usimharakishe pale.

Lakini mwambie mapema, tena mkiwa bado nyumbani: mji ulitekwa na Wakristo 1236, na tangu 1523 likaanza kujengwa kanisa kubwa katikati ya nguzo zile. Leo ni kanisa kuu la Wakatoliki, na Waislamu hawaruhusiwi kusali ndani. Walinzi humzuia anayejaribu. Mimi niliona bibi mmoja akiinuliwa kabla hajasujudu, na iliniuma sana. Mama yako asikutane na hilo ghafla.

Mama_Zuhura
Mwanangu, goti hilo lisijaribiwe. Ni mwendo wa karibu nusu saa, na vichochoro vya mji wa kale vimetandikwa mawe. Chukueni teksi hadi karibu na daraja la Kirumi. Akichoka, akapumzike kwenye ua wa michungwa, kuingia pale ni bure. Na Mei ndiyo mashindano ya nyua za maua, hoteli hujaa. Wekeni nafasi sasa hivi. Heri Mei lakini kuliko Julai, joto hupita 40.

Binti_wa_Shangani
Ahsanteni sana. Nitamweleza mama kwa simu leo. Tukilala, siku ya pili tufanye nini?

Abiria_wa_Dirishani
Madinat al-Zahra, magofu ya jiji la kifalme lililoanzishwa 936, kama kilomita nane magharibi ya mji. Kuna basi la wageni, ila njia ndani ya magofu zina miteremko. Goti likikataa, pandeni treni hadi Sevilla, ni kama dakika 45 tu.