Maji na jua kati ya Empakaai na Ziwa Natron: mnajipangaje?

Mtembezi wa Moshi

Habari zenu, ndugu. Mwezi Agosti mimi na wenzangu watatu tunakusudia kutembea kwa miguu kutoka Nyanda za Juu za Ngorongoro, kupitia kreta ya Empakaai na kijiji cha Naiyobi, hadi Ngare Sero kando ya Ziwa Natron. Sehemu ya juu yenye misitu na ukungu hainitii wasiwasi. Kinachonisumbua ni mteremko wa mwisho unaopita chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano, ambako vivuli ni vya kutafuta na jua halina huruma. Tutakuwa na mwongozaji pamoja na punda wa mizigo, lakini ningependa kujua kila mtu abebe maji kiasi gani mgongoni mwake, na kama ni busara kutegemea maji ya njiani. Mmoja wetu ana miaka 58. Afya yake ni nzuri, ila hajazoea joto.

Baba Neema

Ndugu Mtembezi, kabla ya kuhesabu lita, tazama kimo. Ukingo wa Empakaai uko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Natron liko karibu mita 600. Kwa kawaida joto huongezeka kwa nyuzi 6 hivi kila unaposhuka mita 1,000, kwa hiyo mtu aliyeamka akitetemeka ndani ya sweta anateremkia mahali penye joto linalozidi lile la kambini kwa nyuzi 14 au zaidi, bila mwili kupata nafasi ya kuzoea. Hatari huanzia pale juu kwenye baridi, kwa sababu asubuhi hakuna anayesikia kiu, watu hunywa mafunda mawili tu, kisha wanafika kwenye jivu la volkano wakiwa tayari wamepungukiwa maji.

Mtu anayetembea juani na mzigo anaweza kutoa jasho la lita moja au zaidi kwa saa. Kwa siku ya mteremko ningemwambia kila mmoja abebe lita 4 hadi 5 yeye mwenyewe, hata kama madumu ya lita 20 yamefungwa juu ya punda. Punda wana mwendo wao, na mara nyingi hutangulia mbali au hupitishwa njia nyingine, hivyo maji yaliyo mgongoni mwao myahesabu kuwa ya kambini, ya kupikia na ya usiku. Ondokeni saa kumi alfajiri, na ikifika saa tano muwe mmeshapata migunga ya kupumzikia.

Muuguzi wa Karatu

Naongezea upande wa afya. Maji matupu mengi bila chumvi nayo yana madhara, kwa kuwa chumvi ya damu hushuka, mtu akapata kichefuchefu, kichwa kikamuuma na akachanganyikiwa, na wenzake wakadhani anahitaji kunywa zaidi. Bebeni pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Zikiisha, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu, visirundikwe. Mzee wenu, kama anatumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kuongeza mkojo, amwone daktari wake kwanza.

Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba huku mwili ukiwaka moto, msingoje mfike kambini. Mlazeni kivulini, mlowesheni maji mwili mzima na kumpepea, na ombeni msaada huku mkiendelea kumpoza.

Kuhusu maji ya njiani, maji mengi ya ukanda huu wa volkano yana floraidi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi. Hata hivyo floraidi huumiza meno na mifupa ya anayeyanywa kwa miaka. Kwa mpita njia, tishio ni vijidudu, kwa sababu mifugo hunywa hapo hapo. Chemsheni au tieni dawa. Maji ya Natron yenyewe ni magadi, msiyaguse kwa kunywa.

Mkaazi wa Longido

Baba Neema amesema vizuri, ila saa kumi alfajiri ni mapema mno mkiwa bado juu, kwa kuwa misitu ya Empakaai ina nyati, na sidhani kama askari wa uhifadhi atakubali mtembee gizani. Juu huko subirini kupambazuke. Kuondoka usiku kutawafaa mkishafika kwenye uwazi wa chini.

Jambo jingine ni kwamba Agosti ni kiangazi, na kisima mtakachokikuta kina wenyewe, akina mama wanaofuata maji kwa mwendo mrefu na ng'ombe wanaosubiri zamu. Mwongozaji wenu azungumze na wazee kwanza kabla ya kujaza dumu lolote. Na vaeni mikono mirefu na shuka la kujifunika kichwa na mdomo, kwani upepo wa jioni hupeperusha lile jivu jembamba likaingia machoni.

Mtembezi wa Moshi

Nawashukuru sana nyote. Tumekubaliana kuugawa mteremko kwa siku mbili badala ya moja, na mzee wetu atatembea na begi lenye maji yake tu. Nguo zake zitabebwa na punda. Mwenye kujua kama migunga ya kutosha kupiga kambi ipo katikati ya Naiyobi na bonde tafadhali anieleze, kwa sababu hapo ndipo tungependa kulala.

Baba Neema

Ipo, na waongozaji huitumia. Fikeni kabla ya saa sita mchana, na jioni mjaze chupa zote kutoka kwenye madumu kabla ya kulala, kwa sababu alfajiri punda hufungwa mizigo gizani na hakuna atakayetaka kuyafungua tena.