Je, mke na mume wanaweza kuishi kwa zabibu za kilimo hai, kama wanavyofanya kusini mwa Ufaransa?

Mama wa Kiloleni (Tabora)

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Wifi yangu ameolewa kusini mwa Ufaransa, katika vilima vilivyo nyuma ya mji wa Montpellier, na yeye na mumewe wanaendesha shamba dogo la mizabibu kwa kilimo hai. Alipotupigia simu wakati wa Pasaka alisema kwamba hawanunui kiuatilifu hata kimoja cha kiwandani, na kwamba matumizi ya nyumba nzima yanatoka katika shamba hilo. Tangu siku hiyo mume wangu hana habari nyingine ila zabibu.

Sisi tuna ekari tatu nje ya mji, zenye miembe, karanga na mizinga ya nyuki. Jirani yetu wa upande wa mashariki analima tumbaku na hupulizia dawa mara kwa mara. Kila tunayemuuliza hapa anatujibu kwamba hakuna zao la matunda linaloweza kustawi bila dawa, ilhali wifi yangu si mtu wa kusema uongo. Naomba mwenye ujuzi anieleze: hao wa Ufaransa wanaiacha mizabibu ijilinde yenyewe, au kuna kitu wanachopulizia? Je, ni kazi ambayo watu wawili wanaiweza? Na je, inawezekana Tabora? Sisi hatutumii kilevi. Tunatafuta zabibu za kula na za kukausha.

Mwana wa Ujiji (Kigoma)

Shikamoo Mama. Nilisoma Montpellier, na kila ulipofika mwezi wa Septemba nilikuwa nikienda kufanya kibarua cha kuchuma zabibu, hasa katika maeneo ya Faugères na Saint-Chinian, kwa hiyo nitasema niliyoyaona kwa macho yangu.

Wifi yako amesema kweli, lakini mizabibu ya kilimo hai hupuliziwa, tena wakati mwingine mara nyingi kuliko ya jirani anayetumia dawa za viwandani. Tofauti ni kile kinachotiwa ndani ya bomba. Mizabibu ina magonjwa mawili makubwa ya ukungu. Dhidi ya ubwiri vinyoya wanatumia mchanganyiko wa mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa, ambao Pierre-Marie-Alexis Millardet aliutangaza huko Bordeaux mwaka 1885, na dhidi ya ubwiri unga wanatumia salfa. Dawa hizi haziingii ndani ya mmea. Hukaa juu ya jani tu, na mvua kubwa ikizisuuza, mkulima hana budi kurudi shambani kupulizia upya. Wala hawaruhusiwi kutumia shaba wapendavyo, kwa sababu shaba haiozi, bali hujikusanya katika udongo na kudhuru minyoo. Sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika muda wa miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka.

Kwa kuwa dawa yao ni ya kukinga na si ya kuponya, mkulima hai anaishi kwa kuangalia. Kwenye shamba moja nililofanyia kazi, mama mwenye shamba alikuwa akipita kati ya safu kila asubuhi akigeuza majani. Jani lililoshikwa na ubwiri vinyoya huwa na doa la manjano upande wa juu, linalong'aa kama tone la mafuta, na ukiligeuza unakuta utando mweupe mahali palepale. Wakulima wa huko wana kanuni ya makumi matatu: joto likipita nyuzi 10, machipukizi yakifika sentimita 10, na mvua ya milimita 10 ikinyesha, hatari ya ugonjwa imeanza, na bomba liwe tayari.

Kinachowasaidia zaidi ya yote ni hali ya hewa. Kiangazi chao ni kikavu, na pepo mbili kali, mistral na tramontane, hukausha majani haraka baada ya mvua, hivyo ukungu haupati unyevu wa kuota. Ndiyo maana kilimo hai cha zabibu kimeenea zaidi kusini kuliko katika maeneo yenye mvua za mara kwa mara. Hata hivyo, hali hiyohiyo ya hewa huwageuka. Tarehe 28 Juni 2019 joto lilifika nyuzi 46 katika kijiji cha Vérargues, na majani na vishada viliungua katika mashamba mengi ya mikoa ya Hérault na Gard. Waliokuwa wametoka kupulizia salfa waliumia zaidi, maana salfa huunguza jani jua likiwa kali. Mwezi wa Aprili 2021 baridi kali iliua machipukizi usiku mmoja. Mke na mume wasio na akiba hawawezi kuvuka mwaka wa namna hiyo.

Kuhusu kazi, hekta moja huko hubeba takriban mizabibu 4,000, na katika mashamba madogo kila mmoja hupogolewa kwa mkono wakati wa baridi. Dawa za kuua magugu zimekatazwa, kwa hiyo chini ya mizabibu hulimwa kwa jembe la trekta, na wengine huingiza kondoo wale majani kabla machipukizi hayajatoka. Wawili wanaweza hekta chache, wakiajiri vibarua wakati wa mavuno. Lakini Mama, naomba ulishike hili: familia nyingi ndogo za huko haziishi kwa kuuza zabibu mbichi. Zinasindika zenyewe, zinatia chupa na kuuza kwa jina la shamba lao. Asiyeweza hayo hupeleka mazao yake katika ushirika. Wakulima wa Maraussan, karibu na Béziers, walianza ushirika wao mwaka 1901 kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiwapangia bei. Aidha, anayebadilisha shamba la mizabibu liwe la kilimo hai husubiri miaka 3 kabla ya kupata cheti, na muda huo wote anabeba gharama za kilimo hai bila kupata bei yake kamili.

Bwana Shamba Mstaafu (Kasulu)

Nimefanya kazi ya ugani Dodoma kabla ya kuhamishiwa Kigoma, na nitajibu la Tabora peke yake.

Watu wengi hulinganisha kiasi cha mvua, na hapo wanapotea. Montpellier hupata milimita 600 hadi 700 kwa mwaka, Tabora hupata zaidi ya 900, na mtu anaweza kudhani tofauti si kubwa. Kilicho muhimu ni mvua inanyesha mzabibu ukiwa katika hali gani. Kule, sehemu kubwa ya mvua hunyesha kuanzia vuli hadi mwanzo wa machipuko, wakati mmea umepukutisha majani au majani yake bado ni machanga. Kwetu mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, pamoja na joto, na mzabibu hapa haulali. Unaendelea kuota majani mabichi katikati ya unyevu, na hayo ndiyo mazingira ambayo ubwiri vinyoya unayapenda. Ukiiga kalenda ya wifi yako hutavuna kitu.

Njia iliyopo ni kuutawala mzabibu kwa kupogoa. Mkipogoa mwezi wa Mei mvua zikiwa zimekatika, majani, maua na vishada vyote vitapita katika kiangazi, na mtavuna karibu na Septemba. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, lakini Tabora nisingewashauri kuutafuta mvuno wa masika bila dawa za viwandani. Wakati huo ipunguzeni matawi ili hewa ipite, kingeni kwa mrututu na chokaa kwa kipimo kidogo, na muache mmea ujijenge. Zabibu za kiangazi zinahitaji maji ya uhakika, kwa hiyo kabla ya kununua kipandikizi hata kimoja, pimeni kisima chenu mwezi wa Septemba, kinapokuwa katika hali yake mbaya kuliko zote. Kisima kikikauka mwezi huo, zabibu si zao lenu.

Vipandikizi vitafuteni kwenye kituo cha utafiti cha Makutupora, Dodoma, na mwaka wa kwanza msizidi robo ekari.

Mama wa Kiloleni (Tabora)

Nawashukuru sana, wazee wangu na wanangu. Kisima chetu hupungua Septemba lakini hakikauki, nasi tutakipima kama nilivyoelekezwa. Yamebaki mawili yanayonisumbua. La kwanza ni jirani wa tumbaku. La pili ni langu mwenyewe: wifi yangu alisema kwamba jina lake limo katika hati za shamba pamoja na la mumewe, nami ningependa kujua hilo huwa vipi.

Mwana wa Ujiji (Kigoma)

Mama, hata huko halikuja lenyewe. Kwa miaka mingi mke wa mkulima alifanya kazi zote bila kutambuliwa kuwa chochote isipokuwa mke. Sheria ya mwaka 1999 iliwapa wenzi hao hadhi ya mshirika katika kazi, pamoja na haki ya pensheni, na tangu 2022 hadhi hiyo haiwezi kuzidi miaka 5. Baada ya hapo mwenzi anapaswa kuwa mwajiriwa au mmiliki kamili. Kwetu, sheria za ardhi za mwaka 1999 zinaruhusu mke na mume kumiliki kwa pamoja. Liandikisheni shamba kwa majina mawili kabla mizabibu haijaanza kuleta fedha, wakati hakuna la kugombania.

Mfuga Nyuki (Sikonge)

Kuhusu tumbaku, sisi wafuga nyuki tunaijua shida hiyo. Pandeni ukuta wa matete mazito mpakani, na mizabibu ianzie mbali nao, upande wa magharibi wa shamba lenu. Nendeni kwa jirani na heshima zote, mumwombe apulizie jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani na upepo ukiwa umetulia. Wengi hukubali wakielezwa, hasa wakipelekewa asali. Kusini mwa Ufaransa, pale jirani anapopulizia hadi mpakani, safu za pembeni huvunwa peke yake na kuuzwa kama zabibu za kawaida, nanyi mtaweza kufanya vivyo hivyo.

Kuhusu alama ya Kilimohai, inayowekwa kwenye mazao ya kilimo hai na inayofuata viwango vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007, si lazima mlipie mkaguzi wa kutoka nje, kwa sababu upo utaratibu wa kundi la wakulima kukaguana wenyewe kwa wenyewe. Asali na maembe yenu yanaweza kuingia kwanza, yakilipia subira ya zabibu. Anzeni leo daftari la shamba: tarehe, kilichopuliziwa, kipimo, na siku jirani alipopulizia. Vipandikizi mkivipata Dodoma, vifungeni katika magunia yaliyoloweshwa na mpande navyo treni ileile. Visikae siku nyingi stesheni.