Gesi inayotoka ina uzito kuliko nyota yenyewe?

Nuktamia: Wakuu, nisaidieni. Nasoma kuhusu nyota changa kubwa, zile za uzito wa Jua mara 8 na kuendelea. Naambiwa gesi hutoka pande mbili, na uzito wake hufikia makumi ya Jua. Nyota ya uzito wa Jua mara 15 inatoaje gesi ya mara 40? Ziada inakopa wapi?

Mzee_wa_Masafa: Mkuu, sehemu kubwa ya gesi hiyo haijawahi hata kuigusa nyota. Ilikuwa imekaa zake winguni. Kinachochomoka karibu na nyota, kwenye diski inayoilisha, ni mchirizo mwembamba wenye kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Unalivaa wingu na kulisomba kama tingatinga na kifusi. Piga hesabu: uzito wa Jua 1 ukienda kilomita 500 kwa sekunde, msukumo wake unatosha kuendesha uzito wa Jua 50 kwa kilomita 10 kwa sekunde.

Mimi hushinda na spektra (mwanga wa redio uliochambuliwa kwa masafa, yaani frikwensi) za monoksidi ya kaboni, maana hidrojeni ya molekuli, iliyo nyingi humo, ikiwa baridi ni kama bubu. Kwenye mstari wake wa gigahetsi 230.538, yaani masafa ambayo gesi hiyo hung'aa, gesi inayotujia kwa kilomita 10 kwa sekunde huongeza masafa kwa megahetsi 7.7 hivi. Mstari unatanuka pembeni, tunasema unaota mabawa, na humo ndimo tunapima. Katikati ya mstari kumejaa wingu tulivu, kwa hiyo gesi iliyosombwa polepole inatuponyoka. Hayo makumi uliyoyasoma mara nyingi ni pungufu!

Nuktamia: Aisee. Basi kila mahali nitegemee pande mbili, moja inakuja na nyingine inakwenda?

Kimulimuli: Thubutu! Tazama Orion KL, eneo linalozaa nyota kubwa, miaka ya nuru kama 1,350 kutoka hapa. Gesi imetawanyika kama vidole kila upande. Inaelekea nyota changa zilikaribiana mno, zikarushana, wingu likalipuka. Kwa tunavyoliona, tukio hilo lina miaka 500 tu.

Mzee_wa_Masafa: Kweli, ila Orion asianzie huko, atachanganyikiwa. Anza na IRAS 20126+4104, nyota changa kubwa kwenye kundi la nyota la Cygnus: diski ipo, mchirizo upo, na mhimili wake unayumba. Halafu angalia pembe ya mtiririko kabla ya kukadiria umri wake, yaani urefu kugawa kwa kasi. Mtiririko ukitulalia ubavu, Doppler (lile badiliko la masafa) inakuonyesha kipande kidogo tu cha kasi, nawe utadhani ni mzee kuliko ulivyo.