Winga wa kushoto nasugua benchi tangu ligi ianze, nihamie Makambako au nivumilie?

dogo_wa_uyole
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Naombeni ushauri mana silali vizuri.

Mi nina miaka 19, naishi na mjomba hapa Uyole. Nacheza winga ya kushoto na mguu wangu ni wa kushoto kweli sio wa kulazimisha. Kocha wa timu yetu (sitaji jina, tuko ligi ya mkoa hapahapa Mbeya) ndo aliniona mwenyewe kwenye UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, akaja mpaka nyumbani akamwambia mjomba huyu kijana niachieni mimi. Sasa tangu ligi ianze tumecheza mechi 9, mi nimeingia 2 tu, moja dakika 11 na nyingine dakika 4 tena tukiwa tunaongoza 3 bila, mpira wenyewe niliugusa kwa mikono, nilirusha. Nafasi yangu anacheza bro mmoja ana kama miaka 28, zamani aliwahi kucheza daraja la kwanza, mbio hana, krosi zake nusu zinaokotwa na watoto nyuma ya goli, lakini kikosi kikitajwa yeye yumo kila wiki.

Jumamosi ndo iliniuma zaidi. Dakika ya 60 kocha akaniambia jipashe. Nikaanza kupasha, nakimbia pembeni ya mstari nakwenda narudi, ikafika ya 70, ikafika ya 80, namwangalia kocha, ye anaangalia uwanjani, mpaka refa anapuliza filimbi ya mwisho mi bado napasha. Baridi ya huku mnaijua, jasho likanikaukia mgongoni, na wale watoto wa nyuma ya goli wakaanza kuniita mwalimu wa mchakamchaka.

Mazoezini nafanya vizuri tu, napiga watu tobo, mpira katikati ya miguu, mpaka wanakasirika. Tunaanza saa kumi jioni, mi natoka stoo ya viazi saa nane huwa nasaidia kupakia, naoga napanda daladala, sijawahi kuchelewa hata siku moja.

Sasa kuna timu ya Makambako imenitafuta kupitia jamaa yangu, wanasema nikienda naanza moja kwa moja. Af mama yuko Kyela, kila Jumapili akipiga anauliza umecheza? namwambia nimecheza, wiki ile nyingine sijui ilikuwaje nikajikuta nimesema nimefunga. Akaenda kuwatangazia wenzake wa kwaya. Niende au nibaki?

Fitina wa Mwanjelwa
Dogo hapo ni soda tu. Mpira wa mkoani usipomtoa kocha kidogo utapasha mpaka uote mvi. Na huyo bro usikute ni shemeji yake.

Beki Tatu Mstaafu
Fitina usimpoteze mtoto. Kocha wa kutaka soda hafungi safari kwenda kumbembeleza mjomba wa mtu, angekaa kwake asubiri mjomba amfuate.

Dogo, mi nimecheza beki tatu, yani beki wa kushoto nyuma ya winga kama wewe, miaka mingi, Mbeya, Iringa, nikamalizia Njombe goti lilipogoma. Nikuambie kitu ambacho hukisikii jukwaani, sisi mabeki tulikuwa tunawaogopa mawinga wa kwetu kuliko wa wapinzani. Winga wako anapiga tobo, watu wanashangilia, anataka la pili ananyang'anywa, anasimama kashika kiuno anamlalamikia refa, mi huku nyuma nakutana na watu wawili, namba saba wao, yani winga wa kulia, na beki mbili wao wa kulia aliyepanda, hapo nimfuate nani nimwache nani? Goli likiingia kesho yake vijiweni ni beki tatu uchochoro, winga hatajwi. Sasa soma tena ulichoandika. Kuna tobo, kuna mbio, kuna mguu wa kushoto, kuna krosi za bro. Hakuna hata mstari mmoja unaosema timu ikiwa haina mpira we unakuwa wapi. Huyo bro hana mbio sawa, lakini muulize beki tatu wenu anataka nani acheze mbele yake uone atamtaja nani.

Na viwanja vyenyewe hivi vya kwetu, mvua zikishika kuanzia Desemba mpaka Aprili mpira unanasa kwenye tope, chenga inafia hapohapo, kocha anatafuta mtu wa kupiga mbele na kurudi haraka. Sio chuki, ndo mazingira.

Hilo la kupasha nalo, mnatumia sabu watano, yani wa kuingia kutoka benchi? Kama ndio kumbuka watano hao wanaingizwa kwa kusimamisha mchezo mara 3 tu ukiacha mapumziko. Kocha akishamaliza hizo mara 3 hata kama bado ana majina mawili hawezi kukuingiza. Labda mtu aliumia mipango ikavurugika. Sisemi ndivyo, nasema uliza. Ila usiende na "kwanini sichezi", hilo swali makocha wote wanalo jibu lake tangu enzi na enzi. Muulize nikiwa sina mpira unanionaje? Na usimuulize siku ya mechi wala usimtumie voisi saa tano usiku. Nenda siku ya mazoezi, wahi nusu saa, msaidie kupanga koni.

Kijana wa Kabwe
Usikate tamaa dogo, Salah alikaa benchi Chelsea mpaka wakampeleka Italia kwa mkopo, leo nani hamjui. Na kuna picha ya 2013 Kane na Vardy wamekaa benchi moja Leicester wamenuna, baadae wote wawili wamekuja kuwa wafungaji bora wa Uingereza.

Fitina wa Mwanjelwa
Salah alikaa benchi na mshahara unaingia. Huyu anatoka benchi kesho asubuhi anabeba viazi.

Mama Soweto
Fitina leo umeongea jambo bila kujijua. Nyie wanaume wote mmekimbilia tobo na Salah, hapo kwenye viazi mmeparuka.

Mwanangu, unapakia nini? Magunia ya kawaida au lumbesa? Mana mi nimeuza viazi miaka mingi nawajua hao vijana wa stoo, lumbesa ni gunia la kujazwa mpaka linapandishwa kichwa, inapita kilo mia, mtu akibeba tano magoti yanacheza. Unaanza saa ngapi? Zinapakiwa gari ngapi? Na kati ya saa nane na saa kumi unakula nini? Mi nina kijana wangu alikuwa anabeba hivyohivyo akienda mpirani dakika 20 za kwanza moto, baada ya hapo anatembea kama anatafuta sindano. Tulidhani mvivu. Kumbe miguu kaiacha stoo.

Kocha wako anajua hiyo kazi unayofanya asubuhi?

Na mama yako mwambie ukweli Jumapili hii. Kyela sio mbali, kwaya ikikodi Coaster kuja kukuangalia utajificha wapi.

dogo_wa_uyole
Mama shikamoo. Ni lumbesa. Siku za kawaida fuso moja, siku za soko fuso mbili, tupo wanne. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi. Nakunywa chai na maandazi, mchana sili mana nikila nikikimbia tumbo linanikata, nakula usiku kwa mjomba.

Kocha hajui. Kwakweli naona aibu, wenzangu wengine wanasoma chuo kikuu hapa MUST wengine wana baba zao wanawaleta na pikipiki, sikutaka nionekane naomba huruma.

Beki mstaafu umenigusa hapo kwenye kushika kiuno. Nashikaga. Ila sio kuringa, huwa navuta pumzi.

Beki Tatu Mstaafu
Haya sasa. Wewe unavuta pumzi, kocha anaona unaringa, beki tatu anaona anaachwa peke yake. Mama Soweto nakuvulia kofia, mi nilisoma lile neno stoo nikapita kama daladala ya Mbalizi.

Katibu wa Zamani
Nimekuwa katibu wa timu kwahiyo niongee la makaratasi, wengine hawalisemi mpaka mtu aungue.

Dogo kabla hujapanda basi la Makambako jua kwamba we ni mchezaji uliyesajiliwa. Jina liko kwenye timu yako, leseni iko kwao. Mtu akikuambia ukija unaanza moja kwa moja katikati ya msimu anamaanisha moja kati ya mambo mawili. Ama usubiri dirisha la usajili na timu yako ikuandikie barua ya kuachiwa, na hapo hakuna cha moja kwa moja. Ama ucheze kwa jina la mtu mwingine, yani mamluki. Na hiyo ikikatiwa rufaa timu inapokwa pointi, wewe unaweza kufungiwa, na huyo jamaa yako aliyekuunganisha simu yake itakuwa haipatikani. Muulize maswali madogo tu, nalala wapi, nani ananipa chakula, nikivunjika nani ananipeleka hospitali. Akianza kusema "tutayaongea ukifika" wewe usifike.

Na usidhani ukibaki Mbeya ndo umepotea. Wagonga nyundo, Mbeya City, walipanda ligi kuu msimu wa 2013/14 wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, msimu wao wa kwanza kabisa, na wengi wa wale vijana Dar walikuwa hawajui hata majina yao. Uwanja wa Sokoine watu wa kuangalia wachezaji wanafika. Lakini wakukute una pumzi.

Ndondo za Jumapili nazo, hizi mechi za mtaani, najua zina hela ya soda na nauli, ukiwa unabeba lumbesa na unacheza ligi ukaongeza na ndondo hilo goti litakufa kabla ya la mstaafu hapo juu.

Kijana wa Kabwe
Katibu umetisha. Mi bado nasema Salah.

dogo_wa_uyole
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya bando liliisha.

Jumanne niliwahi, nikapanga koni zote peke yangu, kocha alivyofika akaniuliza umefukuzwa nyumbani? Nikamuuliza kama nilivyoelekezwa, kocha nikiwa sina mpira unanionaje. Akanyamaza kidogo. Akasema "mpira ukikupotea unahesabu mpaka tano ndo unaanza kukimbia, mi huwa nakuhesabia." Nikataka kubisha nikakumbuka kiuno. Ndo nikamwambia habari ya stoo, nikamwambia fuso, saa kumi na mbili, yote. Akavua kofia akajikuna akasema na mimi miezi yote hii najua unaringa kwa sababu nilikufuata nyumbani. Akanigombeza kwanini sikusema. Jumamosi ile kweli nafasi zilikuwa zimeisha, kipa aliumia dakika ya 74 akamtoa, mi nilikuwa nafuata. Alisahau kuniambia nikae chini, akaomba radhi kwa hilo.

Ila hakunipa nafasi ya bure. Alisema wazi kwa sasa yule bro ataanza, sitakudanganya.

Juzi tulicheza kirafiki na wanachuo akaniingiza dakika 30. Nilirudi nyuma kila mara wakuu, kila mara, beki tatu wetu mpaka ananiambia inatosha panda. Dakika za mwisho nikarudi mpaka ndani ya boksi, nikateleza kwenye mguu wa mtu, penati. Ikaisha 2-2. Nilijua nimekwisha, kocha alikuwa anacheka peke yake kule benchi.

Stoo bosi amenihamishia kuhesabu magunia na kuandika siku za mazoezi, lakini nalipwa 7,000 badala ya 12,000. Mjomba hajafurahi mana mi ndo natoa hela ya unga na mkaa. Hapo bado sijajua itakuwaje, kaniambia tutaongea mwisho wa mwezi. Makambako jamaa alivyoulizwa nalala wapi kasema tutayaongea ukifika.

Mama nimemwambia. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha, af akasema basi hilo goli ulifunge haraka mi kwaya nimeshawaambia sirudi kuwaambia vingine.

Mama Soweto
Huyo ndo mama. Mjomba mpelekee hata viazi vya kuokota stoo wiki hizi mbili atapoa. Na mchana ule, usinambie tumbo. Saa sita ndizi mbili za kuchemsha na chai ya maziwa, mpaka saa kumi imeshashuka. Ukianza kuona kizunguzungu unaacha koni unakaa, umenisikia?

dogo_wa_uyole
Nimesikia mama, ndaga fijo, asante sana.

Beki Tatu Mstaafu
Penati ya winga aliyerudi mi naipokea kwa mikono miwili, angekuwa wangu ningembeba. Ila ndani ya boksi simama kwa miguu yako, mzibe njia tu mpaka beki afike. Kuteleza tuachie sisi.

Fitina wa Mwanjelwa
Kwahiyo soda hakutaka?

dogo_wa_uyole
Alininunulia yeye. Na chapati mbili.